Vikapu vya Kisumu: mambo ya kujua kabla hujapanda basi Mwembe Tayari

Duka letu liko Mji wa Kale wa Mombasa, mwendo mfupi kutoka Fort Jesus, kwenye vichochoro ambavyo mgeni akishatoka ngomeni hupita akitafuta kitu cha kupeleka kwao. Tunauza vinyago, vikoi, mikeka ya ukindu, bangili, sahani za mawe ya Kisii na vikapu. Vinyago havitupi tabu, kwani wachongaji wa Kikamba wako hapo Changamwe na ushirika wao upo tangu 1963. Ukiishiwa na vifaru asubuhi, jioni unavyo. Mikeka tunaletewa na kina mama tunaowajua kwa majina na kwa madeni yao. Tatizo lilikuwa bidhaa za ziwani, kule Ziwa Victoria. Zilitufikia zikiwa zimepita mikono mitatu minne, kila mkono umekwisha kuchukua chake, na ukiuliza zimetengenezwa wapi hasa unajibiwa "Kisumu huko," basi.

Kilichonitoa dukani si bei, ni ukungu. Masika moja shehena nzima ya vikapu vya gugu maji, mmea unaoelea ziwani, iliota ukungu wa kijani, kuanzia chini ikipanda juu. Mzungu mmoja alikinusa kikapu, akakirudisha mezani kwa adabu, akaenda zake duka la pili. Dalali akasema ni joto la Mombasa. Mimi hilo sikulikubali, maana mikeka ya ukindu inakaa duka hilo hilo, ndani ya joto hilo hilo, miaka kwa miaka, na haioti kitu. Nimekulia mikononi mwa bibi aliyekuwa akisuka ukili barazani mpaka magharibi. Najua kwamba jani likikauka vizuri kabla ya kusukwa, hata unyevu wa pwani haulitishi. Nikamwambia mamaangu mdogo, ambaye duka ni lake na mimi ni mshirika wa maneno tu, kwamba nakwenda kuona kwa macho yangu. Akanitazama, akasema, "Nauli utatoa wewe."

Nauli nikatoa mimi.

Kutoka Mombasa kuna njia mbili za maana. Ya kwanza ni basi la moja kwa moja kutoka Mwembe Tayari, linaloondoka alasiri na kuingia Kisumu asubuhi ya pili. Ya pili ni treni ya SGR hadi Nairobi, kisha basi au matatu. Treni ni ya raha zaidi, na daraja la kawaida ni shilingi 1,500 tangu nauli zipandishwe Januari 2024, lakini usisahau kwamba stesheni iko Miritini na kule Nairobi unashushwa Syokimau. Vipande hivyo vyote vina nauli yake. Basi lilinigharimu elfu mbili na ushei, na sikukuu zikikaribia hupanda bila haya. Kwa anayekwenda matembezi, apande treni. Kwa anayekwenda kununua, nashauri basi, kwa sababu moja tu: kampuni itakayokubeba wewe ndiyo huenda ikabeba mizigo yako, na ukikaa ofisini kwao saa nzima ukisubiri safari utaona wanavyoitupa mizigo ya wenzako.

Chukua sweta. Hili naliandika kwa uchungu. Sisi wa pwani tukiambiwa Kisumu kuna joto tunabeba dera na mtandio, tunasahau kwamba kabla ya kufika ziwani barabara inapanda kwanza. Ukishapita Nakuru, saa nane tisa za usiku, gari linapanda Mau Summit, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na madirisha ya basi letu yalikuwa yamegoma kufungika. Nilijifunika leso mbili nikaazimwa na ya tatu na mama aliyeketi kando yangu. Alikuwa anarudi kwao kutoka Likoni, na yeye ndiye aliyenipa somo la kwanza: nisiende kijiji cha Dunga Jumapili, niende soko la Kibuye Jumapili, na Dunga siku ya kazi, wakati wasukaji wanasuka. Jumapili wengine wako kanisani, na walioko ufukweni wanahudumia wageni wa kula samaki.

Kisumu ilinipendeza upesi kuliko nilivyotarajia. Barabara za katikati ni pana, zina miti, na ziwa linaonekana ghafla mwisho wa mtaa, kama ilivyo kwetu na bahari. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika hapa 1901, mahali pakaitwa Port Florence, na bado unahisi kwamba huu ni mji uliozaliwa na reli na bandari. Bibi mmoja tuliyeswali pamoja adhuhuri alinieleza kwamba babu yake alitoka pwani enzi hizo za reli, akaoa, akabaki. Aliniuliza habari za mitaa yetu ya Kibokoni na Mzizima kama mtu aliyetoka juzi, na kumbe hajawahi kufika. Kupitia kwake nikapata chumba cha kulala kwa shilingi 1,800, safi, chenye chandarua. Chandarua usikidharau. Ukanda wa ziwa una malaria nyingi, na mbu wa jioni pale hawana subira.

Jambo jingine kwa mtu wa pwani: akiona maji, mguu unawasha. Anataka kuvua viatu aingie. Ziwa si bahari. Kichocho kipo, kinatokana na vimelea wanaoishi ndani ya konokono wa maji yasiyo na chumvi, na wanapenya ngozini bila kukuuliza. Niliwaona watoto wakioga na wanawake wakifua wakiwa ndani hadi magotini, nikaona aibu kuogopa maji mbele yao, lakini nilibaki na viatu vyangu. Machweo, hata hivyo, ni lazima uyaone. Jua letu Mombasa linachomoza baharini. Kule linazama majini, na mtu ambaye maisha yake yote amelizoea upande mmoja anapata kizunguzungu kidogo cha furaha.

Chakula nilikula ngege, samaki wa ziwani, mzima wa kukaanga, na mboga chungu ambazo ulimi wangu ulizikataa siku ya kwanza ukaziomba siku ya pili. Nazi sahau. Ukiwa na bajeti ndogo kuna mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta (sangara) iliyobaki baada ya viwanda kuondoa minofu, ikakaangwa mpaka ikawa kavu. Kina mama wanaiuza kwa bei ambayo kwetu sokoni Marikiti hupati hata dagaa.

Jumapili nikaenda Kibuye. Soko ni kubwa, la wazi, limejaa mitumba, mbao, vitanda, mahindi, kuku, na katikati ya hayo yote vyungu. Nilisimama sana penye vyungu. Wamama wa Kijaluo wanafinyanga vyungu vya maji vyenye tumbo pana na shingo iliyofungwa mistari, na vingine vidogo vya kupikia mboga na samaki, vikiwa na weusi wa moto upande mmoja. Nilitaka kununua kimoja kikubwa kwa ajili ya uani. Muuzaji, mama mtu mzima, aliniuliza natoka wapi, nikamwambia. Akacheka, akawaambia wenzake kwa Kijaluo, tangu hapo nikawa "nyar Mombasa", binti wa Mombasa, soko zima. Akakataa kuniuzia kile kikubwa. "Kitavunjika Nakuru," alisema, "utanitukana nikiwa hapa." Akaniuzia kidogo, akakijaza nyasi kavu ndani na nje. Hicho kilifika.

Vikapu pia vipo Kibuye na kwenye vibanda vya mjini vya wauza vinyago, na hapo ndipo dukani kwetu vilipokuwa vinatoka. Nilikuta vile vile: mshono ule ule, mshikio ule ule wa ngozi. Bei ya kwanza niliyotajiwa ilikuwa 1,200, nikashuka bila jasho hadi 600. Nikauliza nani amesuka. Muuzaji akasema yeye. Nikamwomba anionyeshe anavyoanza kitako. Akakumbuka ana mteja mwingine. Sikuona ubaya, hata mimi dukani kwangu nimewahi kuulizwa kama nimefuma kikoi kwa mkono wangu, na sikukimbilia kukana.

Dunga ni kijiji cha wavuvi kusini mwa mji, tuktuk au boda inakufikisha kwa muda mfupi. Kuna mashua, kuna wavuvi, kuna vijana wa kuwatembeza wageni kutazama ndege na viboko, na kuna wanawake na wanaume wanaosuka gugu maji. Nilikaa siku nyingi kuliko nilivyopanga. Mwanzoni nilichukuliwa kama mtalii wa rangi yetu: karibu, picha, kwaheri. Nilipoomba kigoda na kuanza kusuka ukili wa kindu niliobeba mkobani, mazungumzo yakabadilika. Mama mmoja aliuchukua mkononi, akauvuta, akaunusa, akaniuliza unakauka siku ngapi. Hapo tukawa tunaongea kazi.

Gugu maji lenyewe ni mgeni. Asili yake ni Amerika Kusini, na ziwani lilianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1980. Miaka ya 1990 lilifunika sehemu kubwa ya Ghuba ya Winam, mashua zikanasa, bandari ikashindwa kufanya kazi. Waliletwa mbawakavu wa kulila, likapungua, likarudi, na hivyo ndivyo linavyokwenda mpaka leo: upepo ukilisukuma ghubani ufuo unafungwa kijani, upepo ukigeuka linaondoka. Wavuvi wanalichukia. Wasukaji wana mawazo mawili. Mama yule aliniambia mumewe ni mvuvi, na kwamba nyumbani kwao siku gugu likija mmoja hununa na mwingine hunoa kisu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo jibu la ukungu wetu lilipokuwa.

Gugu likitolewa majini, zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji. Kinachosukwa si jani, ni bua, na bua hilo ndani yake ni sifongo tupu, vijumba vya hewa vilivyolifanya lielee. Wanalitafuta lile lililobanana, kwa sababu gugu likiota kwa kusongamana mabua hurefuka kutafuta jua. Lile lililo peke yake mabua yake ni mafupi na manene, halifai. Bua lenye makovu mengi ya mbawakavu pia linaachwa, kwani viluwiluwi wa mdudu yule hutoboa njia ndani yake na litakatika kwenye msuko. Wanakata mzizi na jani, wanaosha, wanaanika. Jua likiwa kali, siku saba hivi hadi kumi. Kukiwa na mvua, hakuna ajuaye. Bua linapungua mpaka unene wa kidole unakuwa unene wa utambi, linageuka rangi ya asali. Ndipo linasukwa kamba, na kamba ndiyo inayozungushwa kuwa kikapu.

Ukindu wetu ni jani jembamba. Unyevu ukiingia unatoka. Bua la gugu ni tofauti: nje linaonekana kavu kabisa, na katikati sifongo bado imeshika maji. Ukilisuka katika hali hiyo maji yanafungiwa ndani ya kamba, kamba ndani ya kikapu. Kisumu halitaonyesha dalili, kwa kuwa hewa ya mchana ni kavu kuliko yetu. Likifika Mombasa likakuta hewa nayo imejaa maji, hayana pa kutokea. Yanabaki, yanaota.

Nikamuuliza mama, mbona basi mnasuka kabla halijakauka? Hakukasirika. Akaanza kunihesabia kwa vidole. Dalali anapiga simu Jumatatu, anataka vikapu hamsini Ijumaa, anasema kontena linaondoka. Bei anayotoa kwa kikapu cha wastani ni 350. Kikapu kimoja ni kazi ya siku nzima ukiwa na kamba tayari, na kamba yenyewe ni siku nyingine. Hapo bado hujamlipa mtu wa mashua aliyekwenda kukata gugu. Ukimwambia subiri jua, anakwenda kwa jirani. Kikapu hicho hicho, kilipokuwa kinatufikia sisi dukani Ndia Kuu, kilikuwa 900, na tulikuwa tunajiona tumepunguziwa.

Tulibishana bei mchana mzima, kwa chai na kwa vicheko, na tukaafikiana 550 kwa sharti kwamba mabua yaanikwe mpaka yeye mwenyewe aridhike, hata kama itachukua mwezi. Nikalipa nusu kwa M-Pesa, ujumbe wa uthibitisho nikauhifadhi, na nusu iliyobaki ya kutumwa vikapu vikishapakiwa na picha zikanifikia. Ukitaka ushauri wangu, usitoe malipo yote mbele, na usitoe chini ya nusu. Chini ya nusu haimtoshi msukaji kumlipa mtu wa mashua, na atalazimika kuchukua kazi ya dalali ili amalize ya kwako.

Namna ya kukipima kikapu alinifundisha yeye, na kipimo cha kwanza ni uzito. Shika viwili vya ukubwa mmoja. Kilichokauka ni chepesi kama bofulo lililolala, na chenye maji unakisikia mkononi mara moja. Halafu geuza ndani, upande wa kitako, pale kamba zinapokutana. Bonyeza kwa ukucha. Kavu inatoa mlio mdogo wa kuvunjika; mbichi inakubali kimya. Nusa hapo hapo. Na ogopa vanishi. Kikapu kinachong'aa kimezibwa, na kama kilizibwa kabla ya kukauka, umenunua maji kwa bei ya kikapu. Mimi siku hizi naagiza bila vanishi. Mteja akitaka mng'aro tunampaka hapa hapa.

Kutoka Kisumu nilikwenda Tabaka, kwenye mawe ya Kisii. Hapa nitakuwa mfupi, kwa sababu safari hii singeirudia kwa faida ya duka, ijapokuwa kwa macho ningerudi kesho. Unapanda matatu hadi Kisii, kisha nyingine hadi Tabaka, vilima vitupu vya migomba na chai. Jiwe linachimbwa kwa mkono mashimoni, na mvua ikinyesha mashimo hujaa maji, bei hupanda. Lipo jeupe, la waridi, la kijivu, jeusi. Ni laini kiasi kwamba ukucha unaacha alama. Wanaume wengi wanachonga, wanawake wengi wanasugua kwa msasa wakiwa na beseni la maji kati ya miguu, mikono imekuwa myeupe kwa unga, na malipo ya kusugua ndiyo madogo kuliko yote. Uliza hilo kabla hujakaza bei.

Cha kuangalia kwenye jiwe ni nyufa. Nta na rangi huficha, na sahani iliyovunjika inaweza kuunganishwa kwa gundi na unga wa jiwe lenyewe mpaka usione kitu. Omba maji, limwagie, liache likauke taratibu: ufa hubaki na mstari mweusi baada ya sehemu nyingine kukauka. Ligonge na jingine kwa upole, zima lina mlio, lenye ufa halina.

Lakini jiwe ni jiwe. Bei ya sahani ndogo ilikuwa ya kuchekesha, nikajaza magunia mawili kwa furaha, halafu nikaambiwa gharama ya kuyafikisha Mombasa. Malori yanayopeleka mawe ya Kisii bandarini kwetu yapo siku zote, na anayejaza lori kila sahani inamgharimu senti. Mwenye magunia mawili analipa kwa kilo kwenye basi, anayapandisha, anayashusha, anapandisha tena. Nilipopiga hesabu ya mwisho, sahani iliyonigharimu 120 kule mlimani ilikuwa imefika 310 mlangoni kwetu. Dalali alikuwa anatuletea kwa 280, na anabeba hasara ya zinazovunjika.

Sasa vikapu. Vilipokuwa tayari nilikwisha rudi Mombasa muda mrefu, mama akanipigia, akanitumia picha, nikamaliza malipo. Akavipeleka kwenye kampuni ya basi, moja ya zile kubwa, jina nalihifadhi. Vikafika Mwembe Tayari usiku wa pili. Nilikwenda na mkokoteni nikiwa na furaha ya harusi. Kabla sijaviona, nikavisikia kwa pua. Mtu alikuwa ameviweka kwenye buti la basi chini ya magunia ya omena, dagaa wa ziwani, toka Kisumu mpaka Mombasa. Havikubonyea tu. Vilinuka ziwa zima.

Ofisini wakanionyesha risiti. Kwa herufi ndogo nyuma imeandikwa kwamba mzigo ambao thamani yake haikutajwa husafiri kwa hatari ya mwenyewe. Thamani haikutajwa, kwa sababu ukitaja thamani unalipa zaidi, na mama wa Dunga kwa kunionea huruma aliamua kuniokolea mia mbili. Nikarudi nyumbani nimefura. Mamaangu mdogo hakusema neno. Alivitandaza darini, akaviacha vipigwe na jua na upepo, halafu jioni akaleta chetezo, akaviweka kimoja kimoja juu ya moshi wa udi na ubani kama anavyofukiza nguo za Idi. Vingi viliokoka. Mabibi wa meli ya kitalii walivinusa wakafunga macho. Vichache vilikataa kabisa, na hivyo tuliwauzia wauza samaki wa Marikiti kwa bei ya kutupa, wao hawakuona kasoro.

Kwa hivyo mizigo: taja thamani, lipa hiyo mia mbili, na omba risiti iandikwe idadi na neno "vikapu", si "mzigo". Uliza mapema gari lipi halibebi samaki, yapo. Usichanganye vikapu na mawe gunia moja, hata mtu akikuapia kwamba inawezekana. Mawe hupakiwa kwa majani ya migomba, na jani lisilokauka vizuri linahamishia unyevu wake kwenye kikapu njiani, ukungu ule ule uliokimbia. Vikapu vivishwe viroba vya kusukwa vinavyopitisha hewa, nailoni hapana. Na kama unanunua vingi, uliza mapema tozo za kaunti unazopitia, na ulizolipa risiti zake zisafiri na mzigo.

Dukani tulibadilisha mahali pa kuviweka. Kuta za Mji wa Kale ni za mawe ya matumbawe, na wenyeji wanajua zinavyovuta maji wakati wa kusi. Kikapu kikiegemea ukuta huo kinaota hata kama kilikauka vipi. Tumepigilia miti ya mikoko darini tukavitundika, hewa ipite chini na juu. Tangu hapo masika yamepita na hatujatupa kikapu.

Faida? Niwe mkweli. Ukiweka nauli yangu, malazi, chakula na siku nilizofunga upande wangu wa duka, shehena ile ya kwanza haikuleta faida yoyote. Ya pili, niliyoagiza kwa simu, ilileta, kwa kuwa safari nilikwisha kuilipia. Anayenunua vikapu ishirini kwa mwaka aendelee na dalali wake, ila amwambie anataka visivyo na vanishi na avipime uzito mlangoni. Anayenunua zaidi ya mia, aende mara moja, akae, ajulikane.

Wakati wa kuagiza ni muhimu kuliko nilivyodhani. Mvua za Kisumu huwa nyingi Machi hadi Mei, na nyingine mwisho wa mwaka, miezi ambayo bua halikauki. Wageni wa kwetu huja zaidi Julai na Agosti, kisha Desemba hadi Machi. Ukiagiza Novemba kwa ajili ya Krismasi unamlazimisha msukaji asuke bua bichi. Mimi sasa natuma pesa za mwanzo Januari, jua la ziwani likiwa kali, vikapu vinanifikia kaskazi bado inavuma, na vinakaa vimetundikwa vikisubiri Julai. Pesa zinalala miezi hiyo yote, na mamaangu mdogo hulinung'unikia hilo kila Aprili.

Mawe bado tunaletewa na dalali.